Wageni wa Calvince

Rosa hakuchinja kuku. Wageni walishashuka kwenye lami pale Kisian, wanapanda njia ya kwake, na jogoo bado anatembea uani kama mwenye boma. Alitaka waingie, waone hawatakiwi, warudi walikotoka.

Mbele alikuwa Sista Ajwang, mtawa wa makamo, kitambaa cheupe kichwani. Nyuma yake msichana mpole wa sketi ndefu, macho chini. Huyo anasomea usista, Rosa akajiambia. Mwisho kabisa alikuja Calvince, mtoto pekee ambaye marehemu mumewe alimwachia.

Tangu amalize shule, Calvince alikuwa akisema Mungu anamwita awe padri. Rosa aliona mbali: padri haoi, asiyeoa haleti wajukuu, na boma la mumewe litaota nyasi hadi mlangoni. Kila mara kijana akianza mazungumzo hayo, yeye anainuka, anaenda jikoni.

Juzi kijana alipiga simu. "Mama, Jumamosi nakuja na Sista aone nyumbani. Nataka nikueleze—"

"Usinieleze. Nilishajua zamani."

"Aki mama, nisikilize kwanza."

Akakata. Kwani hakuona padri na masista wakija hivyo hivyo kwa jirani yake, Mama Robinson? Walikunywa chai, wakauliza maswali, na kabla ya mavuno binti yake akachukuliwa utawani. Hata yale mabati mapya Calvince aliyoezeka kwenye simba yake, nyumba yake ya ujana pale karibu na lango, Rosa aliona ni ya kumpoza mama tu.

Ndipo alipomwendea Metrine, mwenzake wa kuuza mitumba sokoni Kibuye, mwenye mtoto mchanga.

"Njoo useme mtoto ni wa Calvince. Basi. Wenyewe watamwacha."

"Mama, wewe! Na akinichapa?"

"Atakuchapaje? Si anataka kuwa padri?"

Walicheka mpaka wateja wakageuka.

Sasa hakuna aliyecheka. Chai ilikuwa inapoa. Sista Ajwang aliuliza polepole, kama mtu anayechambua mchele.

"Mama, kwenu hakuna ugonjwa wa kurithi?"

"Hakuna."

"Kijana hanywi? Hana mkono mwepesi?"

Rosa alitaka kusema anakunywa sana. Ulimi ukakataa. "Hapana. Tabia yake ni nzuri."

Msichana mpole akatabasamu kidogo.

"Na hana mtoto mahali?" Sista akaweka kikombe chini. "Hilo niambie ukweli, Mama, maana nikirudi nitaulizwa."

Rosa akakohoa kwa nguvu. Metrine, aliyekuwa amejificha jikoni, akatokea na mtoto mgongoni.

"Baba Junior! Umepotea mpaka mtoto anakuulizia?"

Calvince alisimama, kiti kikaanguka. "Huyu ni nani? Mama, mimi simjui huyu!"

"Haya, nikane mbele ya Sista!" Metrine alimfungua mtoto na kumsukumia mikononi mwake. Mtoto akaangua kilio. "Ona masikio hayo. Ni ya nani kama si yako?"

Calvince alibaki amembeba, mdomo wazi. Yule msichana mpole alimtazama yeye, akamtazama mtoto, akaziba uso kwa viganja na kukimbia nje. Calvince akamrudishia Metrine mtoto wake, akamfuata msichana mbio.

Rosa alishusha pumzi. Kama hata anayesomea usista ameona aibu, basi jambo limekwisha.

"Pole, Sista," akasema, kwa upole wa kwanza siku hiyo. "Ni vijana tu. Lakini umejionea mwenyewe, upadri haumfai."

Sista Ajwang, aliyekuwa ameshachukua mkoba wake, alisimama mlangoni.

"Upadri? Huo aliuacha mwaka jana, Mama. Aliyetoka akilia ni Celestine, binti ya kaka yangu, na mimi shangazi yake nilitumwa kuja kuona boma ambamo mtoto wetu angeolewa."