Mkwe Asimulia Mwenyewe

"'Nikaongeza vijiko viwili vya chumvi kwenye sufuria ya mkwe wangu, nikarudi kukaa, uso mkavu kama sikuwahi kuinuka.'"

"Rudia hapo," alisema mama mkwe.

Mke wa mwanawe akarudia. Kila alasiri alimsomea hadithi hiyo, tangu mtoto wa jicho alipomtia mama ukungu machoni. Msimulizi alikuwa ndiye mbaya mwenyewe: mkwe aliyeapa kumtoa mkwe wake nyumbani, akieleza kila hila bila haya.

"Hadithi za watu wema zinanipa usingizi," mama alisema. "Mwema kazi yake kulia na kungoja. Huyu anajituma. Na ukimsikia kwa mdomo wake mwenyewe, unaona kabisa ana haki."

"Kweli, mama."

"Wewe usingeweza. Huna kichwa hicho."

"Sina, mama."

Mama mkwe alikuwa mtu wa sala. Hakuna siku aliyomwombea mkwe wake mabaya. Mabaya alimfanyia mwenyewe, asije akamsumbua Mungu bure. Mambo ya chumvi hakuhitaji kufundishwa na kitabu.

Juma lililopita alikuwa amempa mwanawe sharti: "Mimi au mkeo. Mafahali wawili hawakai zizi moja." Mwana aliomba muda wa kufikiri. Leo, baada ya chakula, alinawa mikono, akasema, "Nimeshaamua, mama," akaingia ndani. Sasa droo zilisikika zikifunguliwa. Zipu ya sanduku ikakwama, ikavutwa tena.

Mama alimsikitikia binti wa watu, kwa kiasi kinachofaa.

"Soma, mkwe," alisema kwa upole. "Tumalize leo. Kesho sijui nani atanisomea."

"'Sikugombana naye. Kila alilosema niliitikia. Bwana wa nyumba nilimwacha ale, ashibe, ndipo nikasema naye kwa sauti ya chini, kama ninayeonewa.'"

"Hapo ndipo penyewe!" Mama alijipiga paja. "Mwanamume masikio yake yako tumboni. Kelele za nini?"

"Hata mimi niliona hivyo, mama."

"Na yule mwenzake hashtuki tu?"

"Hajashtuka bado."

"Basi ni mjinga. Mtu anachimbiwa kaburi, yeye anauliza jembe la nani. Wa kuondoka huyo, hana dawa."

Mke wa mwanawe akafunua ukurasa. Akasoma taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa uji.

"'Siku ya mwisho nilimhurumia kidogo. Alikaa kitini akisikiliza mizigo inafungwa, moyo wake mweupe. Sikutaka abebe kizito, maana ni mtu mzima. Nikamwambia mume wangu . . .'"

"Mume?" mama akamkatiza. "Umekosea kusoma. Hapo pameandikwa 'mwanangu'."

"Ni mume, mama. Nimeangalia vizuri."

Sauti ya mwanawe ikatoka chumbani, laini, yenye heshima zote.

"Mama, hili koti lako la baridi nilipakie, au utalivaa njiani?"