Wanaokula

Siku hizi mtu akibanwa na kazi hutuma kivuli chake. Sura ni ile ile, sauti ni ile ile, hata kicheko ni chake, ila kivuli hakili chakula. Na kumuuliza mtu kama ni yeye mwenyewe ni kumvunjia heshima.

Kwa hiyo Shamsa, aliyekodi nyumba ya shambani Lushoto ili ukoo ukae siku tatu bila haraka, aliishia kuchungulia barazani mpishi alipomnong'oneza, "Dada, wanaokula ni wangapi?"

Kaka zake walikuwa wamejaa barazani wakicheka. Sinia la maandazi lilikuwa mbele yao tangu asubuhi, halijaguswa.

"Mimi na Mama," akasema. "Hao wengine sijui."

Akaingia jikoni upesi. Mama yake alikuwa akikoroga mchuzi wa mbuzi, kanga kiunoni, kama sikukuu zote. Shamsa akashusha pumzi.

"Chumvi imekolea, Mama?"

Mama akadondoshea mchuzi kiganjani, kama kawaida yake, akautazama. Akautazama mpaka ukapoa. Kisha akamnyooshea binti yake mkono, akitabasamu.

"Onja wewe, mwanangu."