Fuko na Mlango wa Kaburi la Simba

Kaeni vizuri, maana hii hamtaipata kwa mwingine. Mfalme Simba alijengewa kaburi ndani ya mlima wa mawe, na vyumba vyake vilichimbwa kutokea chini na Fuko, fundi asiyeona hata kucha zake. Fisi, waziri mkuu, akatunga sheria: anayeujua mlango wa kaburi azibiwe humo humo, siri isitoke. Siku ya maziko akawageuza watu wote visogo, akamshika Fuko mkono, akamsukumia ndani, akaliangusha jiwe mwenyewe.

"Pumzika salama, fundi!" akacheka.

Fuko hakutetemeka. Giza gani la kumtisha yeye? Akatemea mate viganja, akachimba. Kabla ya matanga kuanuliwa, udongo ukafumuka katikati ya waombolezaji, pua ikachomoza.

"Mkamateni!" Fisi akapiga kelele. "Anaujua mlango!"

"Mlango upi, mheshimiwa?" Fuko akajipangusa bila haraka. "Mimi sioni. Nimeingia kwa kushikwa mkono, nimetoka kwa tundu langu. Mwulizeni aliyenishika."

Mfalme mpya, mwana wa Simba, akakohoa. "Kwani, waziri, mlango uko wapi?"

Fisi, kwa kupenda kuonekana anajua, akanyoosha kidole. "Pale, nyuma ya mwamba mwekundu!"

Basi sheria ya Fisi ikamshika Fisi mwenyewe. Kisha jiwe likafunguliwa, likafungwa tena, na Fuko akarudi mjini mabegani mwa watu, akipigiwa vigelegele.

Hadithi yangu nimeiziba kwa jiwe. Mbishi na achimbe.