Woga wa Chura wa Mtini

Hapo kale palikuwa na chura wa mtini, mwoga hata jani likianguka hutetemeka. Alitaga mayai kwenye jani lililoinamia kidimbwi, akayalinda mpaka viluwiluwi wakaanza kuchezacheza ndani. Ndipo Nyoka akapanda.

Chura angeweza kuruka ajiokoe. Hakuruka. Alilikumbatia jani, huku mwili wote ukimtetemeka.

“Mama mzima kutetemeka hivyo!” Nyoka akamcheka. “Wanao utawalinda kwa kitu gani?”

“Sina kitu, bwana. Nina woga tu.”

Jani nalo likatetemeka, watoto wakashtuka. Mayai yakapasuka, viluwiluwi wakadondoka majini, chubwi, chubwi! Nyoka alipopanua kinywa, jani lilikuwa tupu.

Chura akajirusha kuwafuata wanawe, bado anatetemeka.