Kipimo cha Furaha Ndani ya Pijo

Wakubwa walishaamua: gari la zamani ni mali, si raha. Mwenye gari akilifurahia, linachukuliwa na kupewa mtu asiyelijali. Ndiyo maana Mzee Shemhilu aliingiwa na hofu mkaguzi wao alipoingia sebuleni, ambako Pijo yake ilikuwa imekalia mahali pa makochi. Kila alasiri alijifungia humo kwa siri, mikono kwenye usukani, akikumbuka enzi mtaa mzima ulipoisukuma kwa nyimbo hadi ikawaka, na hakuna aliyeomba kibali cha kucheka.

"Ingia, mzee, shika usukani," mkaguzi alisema, akimbandika kipimo kifuani.

"Baba Hiza, nuna!" mkewe alimnong'oneza. "Mfikirie mama yangu!"

Mzee akanuna kwa nguvu zake zote.

"Sifuri," mkaguzi alisoma. "Hongereni. Hata chembe ya furaha hamna. Pijo ni yenu."

Mkewe akapiga vigelegele. Mzee alibaki ndani, mguu kwenye klachi, asijue kama amewashinda wakubwa, wezi hawa, au ndio wamemmaliza.

"Mwanangu, hebu pima tena," alisema. "Safari hii sinuni."