Mfalme Anayetangulia Kunywa

Shauri la Nani Atangulie Kunywa Maji Katika Tamthilia, Pamoja na Mambo Yanayohusiana na Hayo, lilifikishwa mbele ya Kamati ya Maonyesho, na Kobe akaitwa ajieleze.

Kobe alikuwa akiigiza Mfalme Nyati pale bwawani tangu enzi za mababu. Zamani bwawa lilijaa mamba, kwa hiyo mfalme alipotangulia kunywa, watazamaji walitokwa na machozi kwa ushujaa wake. Mamba walikwisha kuhama, na siku hizi vijana walimzomea: "Mlafi huyo!"

"Umebadilisha nini, mzee wetu?" aliuliza Ngiri, mwenyekiti.

"Sijabadilisha hata kikohozi, mheshimiwa."

"Basi safari hii mfalme anywe mwisho. Ukikaidi, nafasi yako anaichukua Kima."

Agizo likatangazwa bonde zima. Kobe alirudi kwake amenywea. Bila ile ngozi ya nyati aliyovaa akiigiza, angekuwa jiwe tu lenye miguu.

Siku ya onyesho jua liliwaka kweli. Kobe alisubiri ndani ya ngozi huku waigizaji wenzake wakipishana kwa adabu.

"Tangulia, shemeji."

"Aa, wewe kwanza."

Ghafla Kobe akawapita wote, akatumbukiza kichwa majini.

"Anajitoa mhanga kwa ajili yetu!" walilia wazee.

"Ameigomea Kamati!" walishangilia vijana.

Makofi hayakukoma. Kamati ikatoa taarifa kwamba maelekezo yake yalitekelezwa kikamilifu, na Kobe akaachiwa ngozi yake.

Kilichotokea hasa ni kwamba Kobe alishikwa na kiu, akanywa maji.