Mwarobaini wa Mpangaji

Haya nilielezwa na mjukuu wangu Chausiku Ijumaa iliyopita, tukichambua mchicha.

Amepanga chumba Korogwe ya zamani. Mtaa ule ukiona kivuli, jua hapo anakaa mwenye nyumba. Kwa wapangaji ni vumbi tupu, maana mpangaji haruhusiwi kupanda mti. Wenye nyumba wanasema mti wake ukishika mizizi, kesho atadai kiwanja.

Basi mwenye nyumba wake kakuta mche wa mwarobaini mbele ya mlango wa Chausiku, akaja na jembe.

"Nani kakuruhusu?"

"Shikamoo, baba. Chini hapo nimefukia kitovu cha mwanangu. Kimedondoka juzi."

Jembe likabaki hewani. Mzee yule ni Mzigua kama sisi, na kwetu mti wa kitovu haung'olewi.

"Kitovu kinazikwa kwenu! Chimbua, ukipeleke Handeni."

"Kwao ni hapa, kazaliwa chumba hiki. Kama unaweza, chimbua wewe."

Mzee akautazama udongo, bado mbichi, na vijani vyembamba vikitikisika. Mkono ukamshuka.

"Mti huu ukikua ukagusa ukuta wangu, utahama!"

"Siku utakapogusa, baba, wewe utakuwa umeshaleta kiti chako hapa kivulini."

Akaondoka anasonya.

Chausiku akaumwagia mche maji aliyomwogeshea mtoto. Akatandika mkeka pale pale nje, mchana kweupe, wapangaji wenzake wakichungulia madirishani. Akamnyonyesha mwanawe, mtoto akasinzia. Naye akajinyoosha, kisigino juu ya udongo ule mbichi, akalala.